Mwanamke Wakili: Kuingia Ofisini Si Kupanda Ngazi

Wasikilizaji, haki ni kitu kinachodaiwa. Sheria, hata ikiandikwa vizuri namna gani, haimfuati mtu nyumbani kwake. Mtu ndiye aifuataye, na aghalabu huifuata kwa msaada wa mwingine aijuaye njia. Huyo mwenye kuijua njia ndiye wakili. Kwa hiyo, suala la nani anapewa nafasi ya kuwa wakili, na nani akishaipata anaachwa apande hadi awe mwenye kauli katika ofisi yake, si ugomvi wa wasomi wachache wanaogombea vyeo mjini. Ni suala linalowagusa wanyonge wote ambao siku moja watalazimika kumtafuta mtu wa kuwasemea.

Hebu na tukitazame kisiwa cha Chula. Kisiwa hicho ni kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni, vilivyojipanga kusini mwa Kismayu kuelekea Ras Kiamboni na mpaka wa Kenya. Wenyeji wake ni wavuvi na mabaharia, na lugha yao ni Kibajuni, ambacho ni lahaja ya Kiswahili. Dola ya Somalia ilipoanguka mwezi Januari 1991, watu wa visiwa hivyo walijikuta katikati ya wenye bunduki hali wao wenyewe hawana bunduki. Waliporwa mashua, nyavu na nyumba, na wengi wao wakakimbilia Mombasa na kwingineko katika pwani ya Kenya. Wengine walifika hata Ulaya, ambako ilibidi wathibitishe mbele ya mahakama za wageni kwamba wao ni Wabajuni kweli.

Madai yanayotokana na maisha ya namna hiyo hayahesabiki. Yupo mjane anayedai nyumba ya marehemu mumewe iliyokaliwa na watu wengine. Yupo binti anayedai fungu lake katika mashua ya baba. Yupo mama anayedai matunzo ya watoto kwa mume aliyekwenda ughaibuni na asirudi. Dini ya Kiislamu, ambayo ndiyo dini ya watu wa pwani hiyo, imempa mwanamke mali yake na fungu lake la mirathi tangu karne nyingi zilizopita, na imemruhusu kuweka wakili. Linalokosekana si fungu. Linalokosekana ni mtu wa kulidai mpaka lipatikane.

Nchini Somalia, mashauri mengi huamuliwa na wazee kwa kufuata sheria ya mila iitwayo xeer. Katika baraza la wazee hao mwanamke haketi, na neno lake hupelekwa na jamaa yake wa kiume. Zaidi ya hayo, uzito wa neno hutegemea nguvu ya kabila lililo nyuma ya msemaji. Hapo ndipo mwanamke wa Chula anapopungukiwa mara mbili. Kwanza ni mwanamke. Pili ni Mbajuni, mtu wa jamii ndogo. Katika utaratibu wa kugawana madaraka ujulikanao nchini humo kama nne na nusu, makabila makubwa manne hupata fungu kamili kila moja, na jamii nyingine zote kwa pamoja huambulia nusu. Kwa mtu asiye na kabila lenye nguvu, sheria ndiyo kabila lake, na wakili ndiye mzee wake barazani.

Kismayu yenyewe imekwisha kuonyesha kinachotokea pale sheria inapokosa watetezi. Mnamo tarehe 27 Oktoba 2008, mji huo ukiwa mikononi mwa Al-Shabaab, msichana mmoja aliuawa uwanjani kwa kupigwa mawe mbele ya umati wa watu. Shirika la Amnesty International lilieleza kwamba alikuwa na umri wa miaka 13, na kwamba alikuwa amekwenda kushitaki kuwa amebakwa na wanaume watatu. Mlalamikaji aligeuzwa mshitakiwa wa zina. Waliotajwa kumdhulumu hawakukamatwa. Mtu akiuliza wanawake wanasheria wana faida gani katika mji kama huo, na alikumbuke shauri hilo kwanza.

Wako watakaosema kwamba kumweka mwanamke kando ya mambo ya sheria ni desturi ya Waafrika au ya Waislamu peke yao. Historia haikubaliani nao. Kismayu na sehemu yote ya Juba ilikuwa chini ya Waingereza hadi mwaka 1925, ilipokabidhiwa kwa Wataliano. Dola zote mbili zilidai kwamba zimeleta sheria na ustaarabu. Lakini huko Italia, Lidia Poët alipoandikishwa kuwa wakili mjini Torino mwaka 1883, mahakama ziliamuru jina lake lifutwe kwa sababu tu alikuwa mwanamke. Wanawake wa Italia hawakuruhusiwa kuwa mawakili mpaka mwaka 1919, wala hawakuruhusiwa kuwa mahakimu mpaka mwaka 1963. Nchini Uingereza pia sheria iliyowafungulia mlango ilipitishwa mwaka 1919, na wanawake wa kwanza wakaingia katika kazi hiyo mwaka 1922. Kwa hiyo mkoloni aliyefika pwani ya Kismayu na kitabu cha sheria mkononi alikuwa amewaacha dada zake nje ya mlango, au ndiyo kwanza alikuwa amewafungulia.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba haki ya mwanamke haisimamishwi kwa amri tupu. Mwezi Januari 1975, serikali ya Siad Barre ilitangaza sheria ya familia iliyompa mwanamke fungu la urithi sawa na la mwanamume. Mashehe 10 walioipinga walihukumiwa na kupigwa risasi mwezi huohuo. Sheria iliyopita katika damu haikuota mizizi mioyoni mwa watu. Kinachoota mizizi ni hoja iliyosikilizwa, shauri lililoshindwa au kushinda hadharani, na hukumu iliyoelezwa hata aliyeshindwa akaielewa. Kazi hiyo haifanywi na askari. Hufanywa na mawakili na mahakimu, wanaume kwa wanawake. Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012 inasema kwamba raia wote wako sawa, na kwamba wanawake lazima washirikishwe katika vyombo vyote vya taifa. Maneno hayo ni mazuri. Yanangoja watu wa kuyafanyia kazi.

Watu hao wameanza kuonekana. Mjini Mogadishu, mwanasheria Zahra Mohamed Ahmad alianzisha mwaka 2000 kituo cha maendeleo ya wanawake kinachotoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Alifanya hivyo katika miaka ambayo wanaume wengi wenye shahada waliona heri kukimbia, na mwaka 2021 alipewa tuzo ya kimataifa ya wanawake jasiri inayotolewa na Serikali ya Marekani.

Katika nchi jirani njia imekwisha kupasuliwa kwa muda mrefu zaidi. Nchini Tanzania, Julie Manning alisomea sheria Dar es Salaam tangu mwaka 1963, akawa jaji, na mwaka 1975 akateuliwa kuwa Waziri wa Sheria. Nchini Kenya, Effie Owuor alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na tarehe 21 Mei 2021 Martha Koome aliapishwa kuwa Jaji Mkuu, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini mwake. Vyama navyo vimejengwa. Chama cha FIDA kilianza Uganda mwaka 1974 na Kenya mwaka 1985, na mwaka 1989 wanawake wanasheria wa Tanzania wakaunda chama chao cha TAWLA. FIDA ya Kenya ina ofisi Mombasa, mji ambao ndio kimbilio la Wabajuni wengi.

Hata hivyo, vyeo vingi vilivyotajwa hapa ni vya serikali. Jaji huteuliwa kwa utaratibu unaojulikana, na taifa zima hutazama. Ofisi ya mawakili ni kitu kingine. Hiyo ni mali ya wabia wachache. Wao ndio wanaoamua, mlango ukiwa umefungwa, ni nani atabaki wakili wa mshahara na ni nani atakaribishwa kuwa mbia mwenye hisa, jina na kura. Hapo ndipo safari ya wanawake wengi inapokwama.

Mfano ulio wazi umetoka Marekani. Mwaka 1972 Elizabeth Hishon aliajiriwa na ofisi kubwa ya mawakili ya King & Spalding mjini Atlanta. Ofisi hiyo ilikuwa na wabia zaidi ya 50, na tangu kuanzishwa kwake mwaka 1885 haikuwa imepata kuwa na mbia mwanamke hata mmoja. Wakati wake ulipofika alikataliwa, na mwisho wa mwaka 1979 akalazimika kuondoka. Ofisi ilijitetea kwamba ubia ni hiari, na kwamba mtu huchagua mwenziwe apendavyo. Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwa kauli moja, mwezi Mei 1984, kwamba nafasi ya kufikiriwa ubia, ikiwa ni sehemu ya ahadi za ajira, haiwezi kutolewa kwa ubaguzi. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini takwimu za mwaka 2023 zilionyesha kwamba katika ofisi za mawakili nchini humo wanawake walikuwa wamepita kidogo nusu ya mawakili wa ngazi ya chini, na bado hawakufika asilimia 30 ya wabia. Kama miaka 40 baada ya hukumu hali ni hiyo katika nchi tajiri, hapana sababu ya kudhani kwamba wakati peke yake utaiponya hali ya Afrika Mashariki.

Sababu zake si za siri. Katika ofisi ya mawakili, cheo hufuata jalada. Wakili chipukizi anayepewa mashauri ya benki, bima, bandari na ardhi hujifunza kazi yenye malipo makubwa, akajulikana na wateja, na siku ya kuchagua wabia huwa ana cha kuonyesha. Anayepewa talaka, matunzo na mirathi tu, kwa fikira kwamba hayo ndiyo mambo ya kike, hufanya kazi ngumu vilevile, lakini mapato yake ni madogo na jina lake halifiki mbali. Wateja wakubwa nao hurithishwa: mbia anayestaafu huwakabidhi kwa kijana aliyezoea kufuatana naye, na kijana huyo aghalabu ni wa kiume.

Kisha kuna suala la uzazi. Sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa siku 84. Lakini mbia si mwajiriwa. Ni mmiliki. Likizo hiyo haimhusu isipokuwa imeandikwa katika mkataba wa ubia. Mwanamke akikaribia ngazi ya juu huona mbele yake cheo kisicho na kinga aliyokuwa nayo ngazi ya chini. Wengine husimama hapo hapo, na ofisi husema kwamba hawakutaka kupanda.

Dawa ya maradhi haya haihitaji msamaha wala upendeleo. Inahitaji utaratibu. Majalada makubwa yagawanywe kwa zamu inayojulikana, yasigawanywe kwa urafiki. Kila wakili chipukizi awekwe chini ya mbia mmoja atakayeulizwa maendeleo yake. Masharti ya kuwa mbia yaandikwe, na anayekataliwa aelezwe sababu kwa maandishi. Likizo ya uzazi iingizwe katika mkataba wa ubia, na miezi hiyo isihesabiwe kuwa ni upungufu wa kazi. Mashauri ya familia nayo yapewe heshima yanayostahili wakati wa kupima kazi ya mtu, kwa maana hayo ndiyo yanayoamua kama mjane atalala ndani au nje. Serikali na mashirika ya umma, ambayo hulipa mawakili kwa fedha za wananchi, yana haki ya kuiuliza kila ofisi ina wabia wanawake wangapi kabla ya kuipa kazi.

Hapa huenda mtu akasema kwamba mambo ya hisa na mikataba ya ubia mjini Nairobi au Dar es Salaam yako mbali mno na mvuvi wa Chula. Hayako mbali. Msichana wa Chula anayetaka kusomea sheria itambidi avuke bahari, asome kwa shida, kisha atafute ofisi ya kumfunza kazi. Akikuta katika ofisi hiyo hakuna mwanamke mwenye kauli, atajua mapema mwisho wa safari yake. Akimkuta mwanamke mbia, atakuwa amepata mwalimu, na huenda akapata pia mlipaji wa mashauri ya wasiojiweza, kwa sababu wabia ndio wanaoamua ofisi itamtetea nani bila malipo.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini haki hiyo hupatikana pale tu mnyonge anapokuwa na mtu wa kuidai. Pwani ya Kismayu imeishi miaka mingi mno bila watu wa namna hiyo. Kila ofisi ya mawakili inayompandisha mwanamke kwa kazi yake inapunguza upungufu huo, na kila ofisi inayomwacha chini ya ngazi, hali anastahili kupanda, inauzidisha. Wenye ofisi hizo wanajulikana, na uamuzi uko mikononi mwao.