Gereza na Sisi Tulio Nje Yake

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tuseme machache juu ya gereza. Huenda wengine wakauliza, makarani na gereza wapi na wapi? Twajibu kwamba hati ya kifungo huandikwa kwa kalamu ya karani, na jina la mfungwa huingizwa daftarini kwa mkono wa karani. Basi habari hizi zatuhusu.

Ngome ya Mombasa, waliyoanza kuijenga Wareno mwaka 1593, ilikuwa gereza la Serikali tangu 1895 hata 1958. Zamani za ukoloni watu walizoea kuliita gereza "Hoteli ya Kingi Joji". Mzaha huo ulikuwa na sababu, kwa kuwa wengi waliotiwa ndani hawakuwa wevi, bali watu walioshindwa kulipa kodi au waliokutwa bila kipande. Mahali wanapofungwa watu wasio waovu, kufungwa si aibu tena. Na adhabu isiyo na aibu haimfundishi mtu neno.

Kwanza, tumtazame mfungwa mwenyewe. Aingiapo hupewa namba, na tangu hapo huamriwa saa ya kula, saa ya kulala na saa ya kusema. Hukuta sheria mbili. Moja ni ya Serikali, nayo imeandikwa. Ya pili ni ya wafungwa wenyewe, wala haikuandikwa popote: usimchongee mwenzio, mche mnyapara, ficha tumbako yako. Miaka ikipita, hii ya pili humkaa moyoni kuliko ile ya kwanza. Na kijana aliyeiba kuku, akilazwa pamoja na mvunja nyumba, hutoka na ufundi ambao hakuingia nao.

Pili, askari jela. Yeye naye hukaa ndani ya ua ule ule na kuamshwa kwa kengele ile ile. Akizoea kuamrisha kwa kirungu, ukali ule humfuata hata nyumbani kwake. Tukumbuke kambi ya Hola, karibu na Mto Tana. Tarehe 3 Machi 1959 askari, kwa amri ya wakubwa wao, waliwapiga mahabusi waliokataa kazi, hata watu 11 wakafa. Habari ya kwanza iliyotolewa na Serikali ilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Waliopiga walikuwa Waafrika kama waliopigwa. Nao uongo ule, mabwana, haukusemwa kwa mdomo tu: uliandikwa katika karatasi.

Tatu, watu wote walio nje. Kifungo kikiisha, mfungwa hurudi kwetu. Barua yake ya kuomba kazi hufika mezani petu; nasi tukiona kwamba alipata kufungwa, twaiweka chini ya nyingine zote. Hakimu alimpa miaka miwili, lakini sisi twamwongezea maisha. Kisha akiiba tena, twasema, "Hatukusema?"

Dunia imekwisha kuliona jambo hili. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1955, zilizotengenezwa upya mwaka 2015 na kupewa jina la Mandela, aliyefungwa miaka 27, zakataza mtu kufungiwa peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo. Kenya kwa sheria ya 1998, na Tanzania kwa sheria ya 2002, zimeruhusu mwenye kosa dogo atumikie jamii badala ya kufungwa.

Lakini sheria hupita mikononi mwa watu. Twawaomba wanachama mambo matatu. Hati ya kumfungua mtu isilale mezani hata siku moja, maana siku ile ni mali yake. Msinakili taarifa mnayojua kwamba ni ya uongo. Na barua ya aliyefungwa isomwe hata mwisho, kama isomwavyo ya mtu mwingine.

Tumekwisha.