Kufunga Mishipa ya Umio Si Mwisho wa Tiba ya Ini



Damu itokayo tumboni, kwenye utumbo na bandama hukusanyika katika mshipa mmoja mkubwa na kupita kwenye ini kabla ya kurejea moyoni. Ini likisinyaa na kujaa makovu, kwa homa ya ini au pombe ya miaka mingi, njia hiyo husongwa. Shinikizo hupanda, na damu hutafuta vichochoro. Huingia katika mishipa ya umio, nayo hutanuka hata kupasuka. Hapo mgonjwa hutapika damu au hupata choo cheusi kama lami.

Shinikizo hilo si lile linalopimwa mkononi. Mtu aweza kuambiwa presha yake ni nzuri, ilhali mishipa ya umio imefura.

Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, daktari hupitisha kamera mdomoni na kuibana mishipa hiyo kwa pete ndogo za mpira. Tiba hiyo huokoa maisha, lakini ina mpaka wake. Sisi tunaotumia maji ya Ruvu tunajua: fundi akiziba bomba linalovuja bila kupunguza msukumo wa maji, huenda likapasuka mahali pengine. Pete huziba mshipa. Haziondoi shinikizo wala makovu ya ini. Damu iliyofungiwa njia yaweza kuelekea kwenye mishipa ya tumbo, au mishipa mipya ikajitokeza kwenye umio.

Ndiyo maana ufungaji hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi mishipa inyauke, kisha uchunguzi huendelea. Ndiyo maana pia wagonjwa wengi huandikiwa dawa kama propranololi, ambayo hupunguza damu inayomiminika kuelekea kwenye ini na hivyo kushusha shinikizo lenyewe. Asiiache mtu kwa kuwa anajisikia nafuu. Amwulize daktari kwanza. Na pombe aiache kabisa.

Anayetapika damu asisubiri kupambazuke, wala asitafutiwe mchawi. Afikishwe mara moja kwenye kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, ili apewe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi, au Muhimbili.

Kwa watoto wetu, kinga ya homa ya ini aina ya B imo katika chanjo ya wiki ya 6, 10 na 14. Tusiikose.