Nchi Kavu, Majini, Angani: Kijana Anayekwenda Jeshini Anachagua Nini?

Ninyi wanafunzi ndio hasa niliowaandikia mhadhara huu.

Kila Jeshi la Wananchi wa Tanzania linapotoa tangazo la kuandikisha vijana, mabweni yetu hayalali. Vyeti vinatolewa nakala, barua zinaandikwa upya, na wanafunzi wanakuja ofisini kwangu na swali lile lile: mwalimu, niombe wanamaji au niombe anga? Kwa miaka yote ambayo nimefundisha historia ya majeshi katika chuo hiki, sikumbuki aliyekuja kuniuliza namna ya kuingia nchi kavu. Nchi kavu wanaiona kama mahali anapoangukia aliyekosa kwingine. Leo nataka nilijibu swali lao kwa kirefu, kwa sababu naamini wanauliza jambo zito kwa njia inayowapotosha.

Kwanza, utaratibu wenyewe. Kwetu kijana haombi kamandi. Anaomba kujiunga na JWTZ, na jeshi ndilo linalompangia kikosi. Yaliyotakiwa katika matangazo ya miaka ya karibuni ni haya: awe Mtanzania, asiwe ameoa au kuolewa, asiwe na michoro mwilini, awe na vyeti halisi, awe amehitimu mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa na kutunukiwa cheti. Umri usizidi miaka 24 kwa mwenye kidato cha nne au cha sita, 26 kwa mwenye stashahada, 27 kwa mwenye shahada, na 35 kwa daktari bingwa. Barua inaandikwa kwa mkono. Hakuna mahali pa kujaza “napenda meli” wala “napenda ndege.” Jeshi linataka kujua una fani gani.

Hapo ndipo palipo na uchaguzi wa kweli. Kijana anayetaka kuwa na sauti katika maisha yake ya jeshi anachagua fani, na anaichagua miaka mitatu au minne kabla ya tangazo kutoka. Rangi ya sare itakuja baadaye, kwa amri ya mtu mwingine.

Ili tuelewe kwa nini iko hivi, inabidi turudi kwenye Januari 1964. Usiku wa kuamkia tarehe 20, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo tunaijua kama Lugalo, waliasi. Walidai nyongeza ya mishahara na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke. Serikali ilitikisika, na makomando wa Kiingereza waliitwa kuzima maasi. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa JWTZ. Kuanzia hapo swali la nani aingie jeshini lilitangulia swali la aingie wapi. Jeshi la Kujenga Taifa, lililokuwa limeanzishwa tarehe 10 Julai 1963, likawa ndilo lango. Kijana anayelalamika leo kwamba anapitishwa JKT kwanza, alime na kukimbia mchakamchaka kabla hajashika kazi aliyoisomea, ajue kwamba anapita katika mlango uliojengwa kwa hofu ya kweli ya mwaka ule.

Matawi yenyewe yalikua kwa nyakati tofauti na kwa mikono tofauti. Kikosi cha anga kilianza kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Ubalozi wa Ujerumani Mashariki Zanzibar ulipozua mgogoro, Wajerumani wa Magharibi waliondoka mwaka 1965, na Wakanada wakaja kufundisha marubani na mafundi wetu hadi 1970. Wachina nao wakaleta ndege za kivita na kutujengea kituo cha wanamaji Kigamboni, na kamandi ile ilianzishwa mwaka 1971. Maana yake ni kwamba fundi wa ndege wa miaka ile aliweza kuanza kazi na vitabu vya Kikanada, kisha akajikuta mbele ya injini yenye maandishi ya Kichina. Waliodumu ni wale walioelewa injini, wakaweza kuhama na maarifa yao kutoka mashine moja hadi nyingine.

Naomba sasa tukae kidogo Kagera, kwa sababu hakuna mahali pengine katika historia yetu panapoonyesha vizuri zaidi kazi za matawi zinavyoshikana. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda ya Idi Amin yalivamia eneo letu la kaskazini ya mto Kagera. Daraja la Kyaka ndilo lililokuwa njia ya kuvukia. Ndege za Uganda zilijaribu kulivunja kwa mabomu, zikashindwa. Likaja kuvunjwa mwanzoni mwa Novemba kwa baruti zilizotegwa kwa msaada wa mtaalamu kutoka migodi ya Kilembe. Tazameni jambo hilo: kilichowashinda marubani kilifanywa na mtu wa migodini. Na kwa upande wetu, maelfu ya askari wa miguu waliokuwa tayari kupigana walisimama kusini ya mto hawana pa kupita, hadi wahandisi wa medani walipounganisha daraja la muda la vyuma, kipande kwa kipande. Katika siku zile ushujaa wa brigedi nzima ulisubiri watu wanaojua uzito wa lori na nguvu ya chuma.

Kisha mizinga. Wananchi wa Uganda waliyapa makombora yetu ya kurushwa kwa mfululizo jina la Saba Saba, na sauti yake ilitangulia askari wetu hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kijana anayeambiwa kuhusu mizinga anafikiria mlio. Kazi yenyewe ni hesabu. Kuna askari aliyetangulia mbele, amelala kwenye nyasi na darubini na redio, anaona bomu la kwanza limeangukia wapi. Anarudisha taarifa: ongeza mita mia mbili, kulia hamsini. Nyuma kuna wenzake wanaogeuza maneno hayo kuwa pembe ya mzinga na kiasi cha baruti. Tarakimu moja ikisikika vibaya, bomu linaweza kuwaangukia wenzao. Aliyekuwa akikwepa trigonometria kidato cha tatu hapo hana pa kujificha.

Vita ile ilitufundisha pia kwa uchungu. Katika siku zake za mwanzo, ndege za Tanzania zilizokuwa zikirudi Musoma ziliangushwa na wapigaji wetu wenyewe wa kutungulia ndege. Rubani alikuwa wa kwetu na aliyemtungua alikuwa wa kwetu. Kilichokosekana katikati yao ni taarifa kufika kwa wakati, na hiyo ni kazi ya watu wa mawasiliano, fani ambayo sijawahi kuona mwanafunzi anaiota. Ningekuwa na mtoto mwenye akili tulivu na sikio zuri, huko ndiko ningempeleka.

Turudi kwa wanamaji, maana ndio mnaowapenda. Nchi yetu ina pwani ya zaidi ya kilomita 1,400, na maziwa matatu makubwa yenye mipaka ya majirani ndani yake. Kazi ipo, tena nyingi. Lakini asilimia kubwa ya mabaharia hawasimami kwenye sitaha wakipepewa na upepo. Shukeni ngazi ya chuma muingie chumba cha injini cha boti ya doria. Dari iko chini, unainama. Joto ni la tanuri la mkate, na kelele haikuruhusu kuongea, kwa hiyo mnaelewana kwa mikono. Harufu ya dizeli inashika kwenye nywele na haitoki kwa sabuni ya siku moja. Fundi anapita kila baada ya muda na kitambaa mkononi, anagusa bomba, anasoma geji, anaangalia kama maji yameingia kwenye kichujio cha mafuta. Juu yake kuna kusi, na mkondo wa Pemba haumwonei huruma mtu aliyekulia Chake Chake wala aliyekulia Singida. Anatapika kwenye ndoo, anafuta mdomo, anaendelea na geji. Mtu huyo akifanya kazi yake vibaya, chombo kinazimika katikati ya bahari na bunduki zote za juu hazina maana.

Anayeweza kuipenda kazi hiyo, namwombea apangiwe majini. Ajifunze kuogelea kuanzia sasa, na akapime macho, hasa uwezo wa kutofautisha nyekundu na kijani. Usiku baharini chombo hujulikana kinaelekea wapi kwa taa yake nyekundu ya kushoto na ya kijani ya kulia, na asiyeziona vizuri ni hatari kwa wote waliomo.

Kuhusu anga nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hoja ni ile ile. Rubani mmoja anaruka kwa kazi ya mafundi wengi, waongozaji wa ndege, watu wa hali ya hewa, wa zimamoto na wa ghala la vipuri. Kijana aliyesoma uhandisi wa umeme ana nafasi kubwa zaidi ya kutumikia anga kwa bisibisi na mashine ya kupimia kuliko kwa kuketi mbele ya usukani.

Na sasa nchi kavu, tawi mnalolipita bila kuliuliza. Tarehe 7 Desemba 2017, kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa ya Semuliki, wilayani Beni, mashariki ya Kongo, askari wetu walishambuliwa jioni na wakapigana kwa saa nyingi. Hawakupungua 14 waliokufa. Walikuwa wamekwenda kulinda wanavijiji ambao wengi wao wanazungumza Kiswahili kama sisi. Machi 2008, askari wa Tanzania na wa Sudan walipotua kisiwani Anjouan, huko Komoro, chini ya Umoja wa Afrika ili kumwondoa Kanali Mohamed Bacar, walifika kwa njia ya bahari, lakini kisiwa kilishikwa na watu waliotembea kwa miguu, mtaa hadi mtaa. Ulinzi wa nchi unaishia kwa askari aliyesimama juu ya ardhi akasema hapa hapiti mtu. Sikubali hata kidogo kusikia vijana wasomi wakimsema askari huyo kana kwamba ni aliyefeli.

Wapo wengine kati yenu ambao wakisema “jeshini” wana maana ya Polisi, Magereza, Zimamoto au Uhamiaji, na wenzetu wa Zanzibar wana KMKM, JKU, Valantia na Chuo cha Mafunzo. Hapo uchaguzi upo mkononi mwako kweli, kwa kuwa kila chombo kina tangazo lake. Na fikiri vizuri kabla ya kuanza, maana matangazo ya JWTZ yamekuwa yakimzuia aliyekwisha kutumikia Polisi, Magereza au KMKM. Jiulize utakutana na nani kila asubuhi. Polisi anakutana na raia mwenye hasira au mwenye msiba. Askari magereza anaishi na wafungwa miaka na miaka, anawajua kwa majina ya mama zao. Mwanajeshi anaweza kukaa kambini muda mrefu sana akijiandaa kwa siku ambayo tunaomba isifike. Tabia inayokufaa sehemu moja inaweza kukuangamiza kwingine. Lipo pia jambo la Katiba: ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, ingawa anabaki na haki ya kupiga kura, na inapomtaja mwanajeshi inajumuisha Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza na JKT. Mwanafunzi ambaye anapumua siasa asubuhi na jioni ajipime kwa hilo kabla ya kula kiapo.

Chuo kikuu hakina rekodi safi katika mambo haya. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu wakiwa na majoho yao, kupinga sheria ya wasomi kwenda JKT. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawafukuza kwa mamia, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mpango huo wa JKT kwa mujibu wa sheria uliendelea hadi ukasitishwa 1994, ukarejeshwa 2013. Wanafunzi wale walikuwa na hoja, na nisingependa wadharauliwe. Ninachosikitikia ni kwamba tangu siku ile hadi leo tumewaachia vijana wetu walifikirie jeshi kama adhabu au kama ajira, na sisi walimu tumekaa kimya juu ya kazi zenyewe.

Ukimya huo una gharama, na wanaoilipa ni maskini. Kila tangazo linapotoka, matapeli nao wanatoka. Wanamwambia mzazi wa kijijini kwamba wana mtu makao makuu, kwamba nafasi ya wanamaji ni bei hii na ya anga ni bei ile. Nimezungumza na mama aliyeuza ng’ombe wawili ili mwanawe “awekwe anga.” Jeshi limeonya mara nyingi kwamba nafasi haziuzwi, na JKT husema wazi kwamba hutoa mafunzo na halitoi ajira. Lakini onyo halimfikii mtu asiyejua kwamba hata fomu ya kuchagua anga haipo. Tapeli anauza kitu ambacho hakijawahi kuwepo sokoni, na anapata mnunuzi kwa sababu hakuna msomi aliyekwenda kijijini kusema hivyo.

Kwa hiyo ninaiomba Idara ya Ushauri wa Wanafunzi, na niko tayari kushika kazi hii mwenyewe, ianzishe siku moja kila muhula ambapo askari waliostaafu watakuja kuketi na wanafunzi wetu: fundi mitambo wa boti, mpima ramani wa mizinga, muuguzi wa kikosi, mtu wa redio, koplo wa askari wa miguu. Waje bila gwaride na bila hotuba. Waeleze walikuwa wakiamka saa ngapi, walikaa mbali na watoto wao kwa muda gani, mikono yao ilijifunza nini, na walipovua sare walikwenda kuishi kwa kazi ipi. Barua za mialiko ya kwanza nimekwisha kuziandika, na baada ya mhadhara huu nitamkabidhi Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo ili azipitie.