Nchi Jirani: Silaha ni Mkono Uliofunzwa



Mwaka 2016 mashine pekee ya kutibu saratani kwa mionzi nchini Uganda iliharibika. Wapo wagonjwa waliovuka mpaka kutafuta matibabu. Wengine walibaki wakisubiri, hadi mashine mpya ilipozinduliwa mwanzoni mwa mwaka 2018. Funzo la tukio hilo si kwamba mashine hazifai. Funzo ni kwamba jeshi linalotegemea silaha moja tu limekwisha kushindwa nusu.

Silaha ya msingi dhidi ya saratani nyingi za uvimbe ni kisu cha daktari mpasuaji. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa dunia lilieleza kwamba zaidi ya wagonjwa 80 katika kila 100 wa saratani huhitaji upasuaji. Wanaoupata kwa usalama, kwa wakati na kwa gharama wanayoimudu hawafiki 25.

Kazi hiyo si ya kukata tu. Uvimbe hutolewa pamoja na ukingo wa nyama nzima inayouzunguka, kisha hupelekwa maabara kuchunguzwa. Mkono usiofunzwa huacha mzizi, na mzizi huota tena.

Uganda si ngeni katika mapambano haya. Akiwa Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alichunguza uvimbe wa taya za watoto na kuuandikia habari zake mwaka 1958. Hata leo saratani hiyo huitwa kwa jina lake. Mwaka 1967 ikaanzishwa huko Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Lakini bingwa mmoja hawezi kulinda taifa zima. Ndiyo maana mwaka 1999 kiliundwa Chuo cha Madaktari Wapasuaji wa Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao yake Arusha. Mwanafunzi hafungiwi darasani ughaibuni. Hujifunza hospitalini, katika eneo hili hili, chini ya wapasuaji wenye uzoefu, huku akiwahudumia wananchi. Kisha hufanya mtihani mmoja na wenzake wa nchi jirani.

Askari anaielewa hekima hiyo. Kuruta hufunzwa shabaha kabla ya kukabidhiwa lindo, na hufunzwa katika ardhi atakayoilinda. Serikali inayonunua mashine bila kufunza mikono imenunua bunduki isiyo na mlengaji. Mama aliyegundua uvimbe titini, mbali na mji mkuu, haulizi mashine imetoka nchi gani. Anauliza kama yupo, karibu naye na kwa wakati, mtu anayejua kazi.

Jibu la swali hilo haliagizwi kwa meli. Hufunzwa nyumbani, kwa miaka.