Yaya wa Nusu Siku na Ujira wa Haki



Leo tumtafakari yaya: mama aliyekwisha kulea watoto wa watu kwa miaka mingi, naye sasa anabisha hodi tena nyumbani kwetu. Anatafuta kazi ya nusu siku, tangu saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, kwa kuwa naye ana wanawe warudio shuleni wakiwa na njaa. Je, twampokeaje?

Mara nyingi twakubali nusu siku katika mshahara, lakini katika kazi twadai kutwa nzima. Saa saba ikifika twamwambia, "Mama, ngoja kidogo, nguo hazijaanuliwa." Kidogo hicho huishia magharibi, na wanawe wamekaa mlangoni wakimngoja. Hapo tumewapatia watoto wetu malezi kwa kuwanyang'anya watoto wake malezi yao.

Papa Leo wa 13, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi kuufanya ujira kuwa wa haki. Anayekubali kidogo kwa kusukumwa na shida amedhulumiwa, hata kama alisema ndiyo. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hapa Tanzania Bara, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti kwa maandishi, zikiwemo saa za kazi na ujira; na asiyeyaelewa maandishi hayo aelezwe.

Basi, viongozi walei, tuanzie majumbani mwetu. Kabla yaya hajambeba mtoto wetu, tukae naye tuandike siku, saa, kazi na malipo, kila upande ubaki na nakala. Aliyeitwa kulea asirundikiwe kufua na kupika pasipo makubaliano. Saa zikizidi, tuzilipe. Uzoefu wake nao tuuthamini katika mshahara, si kwa maneno matamu tu. Kila jumuiya ndogo ndogo ilizungumze jambo hili bila kuoneana haya.

Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira wa wavunaji waliouzuia unapiga kelele mbele ya Mungu. Ujira wa mlezi nao hautanyamaza. Saa yake ikifika, tumfungulie mlango, aende kwa wanawe.

Mungu atujalie mioyo ya haki. Amina.