Kuteremka Mlima Elgon kwa Baiskeli

Njia za changarawe zinazopanda Mlima Elgon upande wa Cheptais, nchini Kenya, zinakutoa kwenye mashamba ya mahindi hadi karibu na malisho ya Chepkitale, makao ya jamii ya Waogiek na mifugo yao. Kupanda kunachosha tu. Hatari iko kwenye kuteremka.

Kabla hujashuka, kagua breki. Raba ya breki ikilika hadi mifereji yake imepotea, badilisha. Punguza upepo kidogo ili tairi lishike ardhi, lisirukeruke juu ya kokoto. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona, maana gurudumu la mbele likibanwa ghafla kwenye changarawe huteleza papo hapo. Finya breki zote mbili, achia, finya tena. Ukizing'ang'ania mteremko mzima zitapata moto. Mvua ikinyesha, shuka kwenye baiskeli uikokote.

Hata mabingwa huanguka. Sule Kangangi, Mkenya aliyewafungulia vijana wengi mlango wa mbio za baiskeli, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka mashindanoni Vermont, Marekani. Nakusihi, vaa helmeti, hata safari ikiwa fupi.

Ukikuta ng'ombe, simama, msalimie mchungaji, ungoje wapite. Kwenye msitu wa mlima huu kuna ndovu, kwa hivyo waulize wenyeji au askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kabla ya kuingia. Kilele kinafika mita 4,321 na ukungu hushuka ghafla: beba sweta na koti la mvua, na mwachie mtu nyumbani habari ya njia utakayopita.