Rangi mpya haizuii mchwa



Mwaka juzi sisi ndugu wanne tuliamua kuuza nyumba ya marehemu baba pale Magomeni, Dar es Salaam, tugawane mirathi. Dalali alitushauri tupake rangi. Tukapaka. Nyumba ikang'aa.

Mnunuzi alikuja na fundi wake, mzee mmoja mkimya. Rangi hakuitazama. Alipanda darini, akachoma kenchi kwa bisibisi. Ikazama kama kwenye muhogo uliooza. Mchwa! Akashuka, akakwangua ukuta chini ya dirisha. Plasta ikamomonyoka kwa chumvi.

Mnunuzi alipunguza bei, tena kwa fedha nyingi kuliko gharama ya kubadilisha zile mbao. Tulipolalamika alijibu, "Kama mmeficha haya, mmeficha na mengine." Kweli hatukujua, lakini nani angetuamini na ile rangi bado inanuka? Fungu la dada yetu mjane, alilolitegemea kwa ada za shule za wanawe, likapungua.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita dalali, mwiteni fundi. Mlipeni akague paa, nyaya za umeme, mabomba, shimo la choo na nyufa. Mwisho wa kila ufa apige alama ya penseli na tarehe; ufa ukivuka alama, huenda msingi unacheza. Linalotengenezeka litengenezwe. Lisilotengenezeka mnunuzi aambiwe, na bei ipangwe hivyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliupaka rangi, tukalipia ukuta mzima.